Mwalimu Huelekea Jua

Ukitaka kumjua mwalimu wa michezo aliyeiva, acha kwanza kuwatazama wanafunzi. Tazama yeye amesimama wapi. Anayebahatisha husimama katikati ya uwanja, nusu ya darasa ikiwa nyuma ya mgongo wake, na huko nyuma ndiko watu wanakosukumana na kutukanana kwa sauti ya chini. Aliyeiva husimama pembeni, mgongo kwenye uzio au kwenye jabali, watoto wote wakiwa mbele ya macho yake. Akitaka kueleza jambo, yeye ndiye huelekea jua. Atakunja uso na kukinga macho kwa kiganja, lakini walio mbele yake watamwona bila taabu. Upepo nao anao kwenye hesabu zake: Mwanza, mchana ukishakolea, upepo hutoka ziwani, na mwalimu huyu hujiweka upande ambao sauti yake itapelekwa kwa watoto, isirudishwe kooni.

Nitakayemweleza hapa ni walimu kadhaa wa Mwanza niliowaunganisha wakawa mmoja. Tumweke kwenye sekondari ya kata, juu ya mojawapo ya vile vilima ambavyo nyumba na mawe vimegombania nafasi. Uwanja wake una mteremko: timu moja hushambulia ikishuka, nyingine ikipanda, na baada ya mapumziko hubadilishana mateso. Darasa lina wanafunzi zaidi ya sitini. Mipira ni miwili, mmoja wa dukani, mwingine wa kufungwa kwa nailoni na kamba. Kipindi ni dakika 40, na ukiondoa muda wa kubadili nguo na kushuka uwanjani, zinabaki chini ya 30. Ndani ya dakika hizo anafanya kazi ya kutunza nafsi za vijana, na sikumbuki kumsikia akitamka maneno "afya ya akili".

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Linashauri watoto na vijana watoke jasho kwa wastani wa saa moja kwa siku, na takwimu zake za 2016 zilionyesha kuwa asilimia 81 ya vijana wa shule duniani hawafiki hapo. Mtoto wa Igogo, hapa jijini Mwanza, anayepanda kilima kwenda shule na kushuka jioni kutafuta maji huenda anafika bila kujua. Ila ndoo haimpi nafasi ya kujaribu, kukosea na kujaribu tena mbele ya wenzake. Nafasi hiyo ndiyo malighafi ya mwalimu wa michezo, na ni malighafi ya hatari. Katika umri wa miaka 14 au 15 mwili wenyewe ni habari mpya kila asubuhi: sauti imekatika, kifua kimebadilika, miguu imerefuka kabla ya mikono. Mwite kijana huyo mbele arushe tufe huku sitini wakimtazama, na umemkabidhi kwenye mahakama asiyoiomba. Akitoka salama, ataongezeka kimo. Akichekwa, atalikumbuka cheko hilo akiwa na wajukuu.

Ndiyo maana ufundi wa kazi hii uko katika mambo ambayo mpita njia hayaoni. Chukua kugawa timu. Njia ya kawaida tunaijua sote: makapteni wawili, kila mmoja anachagua wake kwa zamu. Ni njia ya haraka, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa mambo ya kikatili kabisa yanayofanyika shuleni bila mtu kuinua sauti, kwa sababu mwisho wanabaki wawili; mmoja atachaguliwa, na mwingine hatachaguliwa na yeyote, atachukuliwa tu kwa kuwa amebaki. Mara nyingi ni yuleyule kila wiki. Mwalimu wetu hana makapteni. Leo atawapanga kwa mwezi wa kuzaliwa. Wiki ijayo atawaambia watembee ovyo ovyo, na filimbi ikilia washikane watano watano. Timu zinapatikana, mchezo unaanza, na hakuna aliyetiwa mnadani.

Siku ninayoipenda zaidi ni ya kuruka chini. Shimo la mchanga limelimwa kwa jembe asubuhi, mawe yameokotwa, mchanga umelegezwa. Walimu wengi hapo huleta futi, wakapanga mstari mmoja mrefu, wakapima kila mruko na kutangaza namba kwa sauti. Katika mstari wa watu sitini, kila mmoja anasubiri karibu kipindi kizima ili aruke mara moja, kisha namba yake isomwe kama matokeo ya mtihani. Mwalimu huyu hufanya vingine. Humwambia kila mwanafunzi aokote jiwe la kukaa kiganjani na kulitia alama kwa chaki. Mawe hayajawahi kuadimika Mwanza. Darasa hugawanywa sehemu nne: wawili wawili wanaruka mchangani, kundi jingine linajipima hatua za kukimbilia, jingine linaruka kwa mguu mmoja juu ya kamba iliyolazwa chini, jingine linasawazisha mchanga na kuangalia kama mguu umekanyaga mbele ya ubao. Filimbi ikilia wanahama.

Ukiruka mara ya kwanza, unaweka jiwe lako kando ya shimo, sambamba na kisigino kilipotua. Mruko wa pili ukipita jiwe, unalisogeza. Usipopita, unaliacha lilipo. Hakuna anayeruhusiwa kugusa jiwe la mwenzake. Huo ndio mchezo wote, na inanipasa kuusifu taratibu, kwa sababu kila kipande chake kina kazi. Yule binti mzito wa mwili, ambaye kwa futi angekuwa wa mwisho kila mara, sasa anashindana na jiwe lililo pale karibu, na akijitahidi kidogo atalisogeza kwa shibiri nzima. Wenzake wanaliona jiwe likisogea. Wanashangilia, kwa maana kusogea ndiko kunakoonekana. Na yule kijana mwepesi, bingwa wa darasa, naye hapumziki. Jiwe lake liko mbali tayari, na kulisogeza hata vidole viwili ni kazi. Kwenye futi angeruka mara moja, akashinda, akaenda kukaa kivulini. Hapa anarudi mstarini akiwa amekunja uso, anahesabu hatua upya.

Mwalimu naye wakati huo hasemi mengi. Anapita pembeni, anamsogelea mmoja, anainama kidogo na kusema kwa sauti ya kumfikia huyo huyo: "Hatua yako ya mwisho ni ndefu mno, ifupishe." Basi. Hatoi "vizuri sana" kwa kila anayepita. Sifa ya jumla huwafanya watoto wamtafute mwalimu kwa macho baada ya kila mruko. Neno moja kuhusu goti au hatua huwarudisha kwenye mchanga. Na kipindi kikiisha, swali lake ni moja: nani kasogeza jiwe? Mikono inainuka mingi kuliko ambavyo ingeinuka kwa swali la nani kawa wa kwanza, ambalo kwa kawaida lina mkono mmoja tu.

Mpangilio huu una wataalamu wake. Cyprian Maro, mtafiti Mtanzania, pamoja na Glyn Roberts na Marit Sørensen wa Norway, walichapisha mwaka 2009 utafiti uliofanyika Dar es Salaam kupitia mradi wa EMIMA. Vijana walifundishwa kuhusu UKIMWI kwa kutumia mpira wa miguu, na makocha walikuwa vijana wenzao. Baadhi ya makocha hao walifundwa zaidi namna ya kujenga mazingira ambamo mtoto anapimwa kwa jitihada na maendeleo yake mwenyewe, asilinganishwe na wengine. Waliojifunzia uwanjani waliyaelewa mambo ya UKIMWI vizuri kuliko waliofundishwa shuleni kwa njia ya kawaida. Lengo lao lilikuwa afya ya mwili, sawa, lakini wazo lile la kumpima mtoto kwa jana yake ndilo hilo hilo linalokaa kando ya shimo la mchanga. Mwalimu wa kata pengine hajausoma utafiti huo. Ameyajua mawe kwa kuwatazama watoto wanaojificha nyuma ya mstari.

Kuna kitu kingine ambacho hakifanyi kabisa, na kwa hicho namheshimu kuliko kwa yote anayofanya: hatumii zoezi kama adhabu. Aliyesoma Tanzania anajua kuruka kichura. Umechelewa, ruka kichura. Umezungumza mstarini, kimbia kuzunguka uwanja mara kumi. Umeshindwa kujibu, pushapu ishirini, huku mwalimu anahesabu na kurudi nyuma kila unapolegea. Viboko angalau vina kanuni, hata pale zinapovunjwa: visizidi vinne, mamlaka ni ya mkuu wa shule, na viandikwe kwenye daftari. Kichura hakiandikwi popote. Matokeo yake ni kwamba mtoto anafika Kidato cha Kwanza akiwa amefundishwa kwa miaka saba kuwa kuchoka ni malipo ya kosa. Kisha mwalimu wa michezo anamwambia aruke afurahi! Mwili una kumbukumbu. Magoti yale yale yaliyoungua kwenye changarawe yanaambiwa leo ni mchezo.

Kwa hiyo mwalimu wetu, mtoto akichelewa uwanjani, humpa kamba ashike upande mmoja. Akileta fujo, humtoa kwenye mchezo kwa dakika mbili, kisha humwita tena. Kutolewa ndiko kunakomuuma, kwa sababu uwanjani ndiko kuna raha. Nimesikia walimu wengine wakimcheka kuwa ni mlaini. Wakitaka kumpima ulaini, wahesabu wanaotoroka kipindi chake.

Rede nayo ameikarabati. Mchezo huu kila binti wa Tanzania anaujua: wawili wanarushiana mpira, walio katikati wanakwepa huku wakijaza chupa mchanga, na anayepigwa anatoka. Tatizo liko kwenye kutoka. Wanaotoka kwanza ni wale wazito, waoga, wasioona vizuri, yaani wale wale wanaouhitaji mchezo kuliko wote. Wakishatoka wanakaa kwenye jiwe wakiwatazama hodari wakizidi kuwa hodari. Kwake, aliyepigwa anakimbia kuuzunguka mwembe, anarudi na konzi ya mchanga, anaingia tena. Chupa inajaa haraka zaidi, hakuna anayekaa. Wasichana hawajaona kama mchezo wao umeharibiwa, na wavulana, ambao huko nyuma waliidharau rede, sasa huomba waingizwe.

Kwa wasichana wa rika hili kuna shida nyingine ambayo uwanja mzima huweza kuisoma kwa macho: siku za hedhi. Msichana akija kuomba ruhusa ya kukaa, kila mtu anajua kwa nini. Suluhisho la mwalimu ni jepesi mno. Kila kipindi, mwanzoni, anaomba wajitolee watu watano: mwamuzi, wawili wa kuandika, mshika saa, mshika filimbi ya kuhamisha makundi. Haulizi sababu. Wavulana nao hujitolea, maana filimbi ina heshima yake, na hivyo kujitolea hakumtangazi mtu. Mwenye tumbo linalouma ameshika saa na yuko ndani ya kipindi kama wengine.

Wapi hufundishwa kazi ya namna hii? Mkoa wa Mwanza una bahati ambayo mikoa mingi haina. Chuo cha Ualimu Butimba, ndani ya jiji, kimejulikana kwa miaka mingi kwa kuandaa walimu wa michezo, muziki na sanaa, na kule Kwimba, kando ya reli itokayo Tabora, kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya. Aliyepita Butimba utamtambua kwa ngoma. Atapasha misuli kwa mdundo, na Usukumani mdundo uko tayari kwenye miguu ya watoto: bugobogobo, ngoma ya majembe, ina kuchuchumaa, kuruka, kuzungusha mabega na kupumua kwa pamoja, yote ambayo kitabu cha mazoezi kingeyagawa kurasa kumi. Kuna watoto hawatanyoosha mkono kwa amri ya moja-mbili lakini watacheza hadi jasho liwatoke kwapani.

Sera yenyewe imekuwa ikienda na kurudi. Vizazi vilivyotangulia vilikua na mchakamchaka wa alfajiri na halaiki za sikukuu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha mashindano ya michezo mashuleni kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo, kisha ikayarudisha. Mtaala wa shule za msingi wa 2005 ulikuwa na somo la Haiba na Michezo, na aliyelipa jina hilo alikuwa amefikiri vizuri. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 una Sanaa na Michezo. Sekondari, shule zinazolifundisha somo hili hadi mtihani wa Kidato cha Nne ni chache, na kwingineko michezo maana yake ni UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Mwaka 2018 Mwanza iliipokea UMISSETA, viwanja vikajaa vijana wa kila mkoa, na ilikuwa fahari kuwaona. Lakini kila aliyefika alikuwa amechujwa shuleni, wilayani na mkoani. UMISSETA inamtafuta wa kwanza. Mwalimu ninayemsifu anamshughulikia wa arobaini na tatu.

Si kwamba ushindi hauna kazi. Mwaka 2014 vijana waliolelewa kwenye kituo cha michezo cha watoto wa mitaani cha TSC hapa Mwanza walivaa jezi ya Tanzania huko Rio de Janeiro, kwenye Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani, wakaifunga Burundi 3–1 kwenye fainali. Jiji lilifurahi. Ila kabla ya Rio kulikuwa na mazoezi ya kila siku, mtu mzima aliyefika kwa saa aliyosema atafika, na jina la mtoto likiitwa bila tusi. Kwa mtoto aliyekimbia kipigo nyumbani na kulala kwenye baraza za maduka, mtu mzima wa kutegemewa ni kitu cha kuzoea polepole. Kombe lilikuja baadaye, na kwa wengi halitakuja, na mazoezi yatakuwa yamefanya kazi yake hata hivyo.

Mwalimu wa pwani ya ziwa ana kalenda nyingine ukutani ambayo wa Dodoma hana: mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi hupumzika. Wiki za giza, wavulana kadhaa hufika shuleni wamelala kwa saa mbili tu au wasilale kabisa, na dada zao wameamkia kwenye kuanika dagaa. Asiyejua atasema darasa limekuwa zembe. Anayejua huweka mbio ndefu kwenye wiki za mbalamwezi, na giza likiingia anapanga bao, kutupia na kudaka, kunyoosha viungo. Vilevile hawafundishi kuogelea ziwani, ingawa maji yanaonekana kutoka uwanjani na watoto wanazama kila mwaka, kwa sababu kichocho kiko hapo ufukweni na bwawa la kuogelea hakuna. Hili linamkera. Nimemwona akilitazama ziwa kwa hasira ya mtu aliyewekewa chakula asichoruhusiwa kula.

Na anaona. Darasani mtoto anaweza kujificha nyuma ya dawati kwa muhula mzima. Uwanjani mwili unasema. Aliyekuwa akipiga kelele sasa anasimama mwisho. Anayevaa sweta kwenye jua la saa nane ana mikono asiyotaka ionekane. Aliyekuwa akicheza na rafiki fulani sasa anahama kundi kila rafiki huyo akifika. Mwalimu hajifanyi daktari. Hulipeleka jambo kwa mwalimu wa ushauri na unasihi, likizidi kwa afisa ustawi wa jamii, na iwapo ni zito zaidi, kuna hospitali ya Bugando juu ya kilima. Lakini kabla ya hapo humpa mtoto huyo kazi ya kubeba mipira kurudi ofisini, na wanatembea pamoja. Njiani anauliza habari za mipira. Mara nyingi mtoto ndiye huanza.

Kinachomshinda ni ratiba. Mtihani wa mock ukikaribia, vipindi vyake huazimwa na Hisabati, Fizikia, na mtu yeyote ambaye hajamaliza silabasi. Na vikiazimwa havirudi. Mwaka huu alikwenda kwa mwalimu wa taaluma akiwa na orodha ya mahudhurio ya Kidato cha Nne, siku zenye michezo na siku zisizo na michezo, akaiweka mezani bila hotuba. Walibishana kidogo. Aliomba vipindi viwili kwa wiki, akapewa dakika 20 za Jumatano asubuhi, kabla ya Hisabati, kwa sharti kwamba watoto waingie darasani hawajachafuka. Alikubali papo hapo. Dakika 20 zinatosha makundi manne kuzunguka mara moja, mradi shimo liwe limelimwa na kamba zimelazwa kabla ya kengele. Na kuhusu kuchafuka, alisema, watakung'utana wenyewe.